Ataingia Wapi, au Atajua Kufanya Nini?

Leo nina neno na wazazi wenye mtoto aliye mwaka wa tatu wa humanite, yaani sekondari ya juu, mwaka ambao sisi tuliosoma zamani bado tunauita wa tano. Finalisti, yule wa mwaka wa nne na wa mwisho, simsemei leo. Finalisti ana wasemaji wengi: prefe wa shule anamhimiza, padri anamwombea, mjomba wa Kolwezi anapiga simu kuuliza kama pesa za mtihani zimekwisha kulipwa. Huyu wa mwaka wa tatu hana anayemuuliza kitu. Asubuhi anavaa shati jeupe na suruali ya bluu, anakwenda masomo, jioni anarudi, anakula bukari, analala. Mradi buletini yake ya maksi haina wino mwekundu mwingi, nyumba nzima inaona mambo yake yako sawa.

Kwangu mimi, mwaka huo ndio nyumba ingepaswa kukaa chini na kuzungumza juu ya maisha yake ya baadaye. Nitasema kwa nini, lakini kwanza tutazame tunavyofanya sasa.

Tunangoja siku ya poda. Mnaijua siku hiyo. Matokeo ya Mtihani wa Serikali yanaingia kwenye simu, mtu anapiga ukelele uani, na kabla mtoto hajamaliza kusoma asilimia yake ndugu zake wamekwisha kummwagia poda kutoka utosini hadi shingoni. Barabara inajaa nyimbo. Mtihani huo tunao tangu 1967, na sijui ni kitu gani kingine cha Serikali ambacho bado kinatutoa nje kucheza kwa furaha. Basi watu wanakula, wanakunywa, wanapiga picha. Wiki mbili baadaye poda imekwisha kuoshwa, na baba anauliza, kwa mara ya kwanza: "Sasa tumpeleke wapi?"

Hapo mbio zinaanza. Shangazi anasema apelekwe Sheria, chuo kikuu cha Kasapa, kwa sababu tangu utoto alikuwa mbishi. Baba anataka udaktari, maana ukoo huu haujapata daktari. Ndugu yake mkubwa anayebadilisha pesa barabarani anasema asipelekwe popote, aletewe kiti akae pale pale kando yake. Mtoto mwenyewe, akiulizwa, anataja kitivo wanachokwenda rafiki zake. Mkutano unakwisha usiku, uamuzi unafuata urefu wa foleni ya aparitora, ofisi ya kuandikisha wanafunzi, na pesa zilizobaki baada ya sherehe.

Kwa kweli swali hilo Serikali ililiuliza zamani, ila hatukulisikia. Mwisho wa mwaka wa nane kuna TENASOSP, mtihani uliowekwa makusudi kuchagua na kuelekeza watoto. Baada yake mtoto anaingia opsioni: sayansi, ualimu, biashara na kompyuta, latini na filosofia, umeme, mekanika, ujenzi, ushonaji, kilimo. Ana miaka kumi na minne hivi. Nani anachagua? Mara nyingi kinachochagua ni umbali. Shule iliyo karibu ina opsioni ya biashara, basi mtoto ni wa biashara. Ile yenye minervali, yaani ada, ya chini ina ualimu, basi Mungu ametuletea mwalimu. Siwalaumu wazazi. Anayetoka Bongonga kila siku kwenda mjini anajua nauli inakula nini. Nasema tu kwamba opsioni nyingi za watoto wetu zilichaguliwa na barabara.

Sasa mwaka wa tatu. Nyuma kuna miaka miwili ya opsioni, mbele umebaki mmoja. Kubadilisha opsioni sasa ni kurudi chini madarasa, na nyumba chache zinaweza. Lakini mtoto amekwisha kujijua: anajua somo linalomwamsha na somo linalomlaza. Walimu wake nao wanamjua. Kama hesabu zake zimelegea na anataka kitivo cha Politekniki, kuna miezi kumi na minane ya kuzikaza. Akifika mwaka wa nne, hakuna nafasi tena. Kuna insha na mitihani ya mdomo na ya vitendo ambayo hufanywa kabla, halafu siku nne za mtihani wenyewe: maarifa ya jumla, sayansi, lugha, na masomo ya opsioni. Mwaka mzima darasa linafanya maswali ya mitihani ya miaka iliyopita. Ukimuuliza finalisti anataka kuwa nani, atakujibu kwamba anataka kufaulu. Ni jibu la haki. Ndiyo maana namtafuta mdogo wake.

Lakini kukaa chini hakutoshi, maana swali lenyewe tunaloliuliza lina kasoro. Sikilizeni mazungumzo ya kwetu. Ni mara chache utasikia mzazi akiuliza mtoto atajua kufanya nini. Tunauliza ataingia wapi. Ataingia mgodi wa TFM. Ataingia KCC. Ataingia Kamoa. Ataingia benki, ataingia forodha. Jina la kampuni ndilo ndoto. Kazi atakayoifanya ndani ya geti ni maneno ya baadaye. Swali hili lina wazazi wake, nao ni wa mji huu wa Lubumbashi.

Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa 1906, na mji wetu ukaanza kupimwa na kujengwa 1910, kwa ajili ya shaba yake na reli. Mwanzoni kampuni ilichukua vijana wa kiume kwa mkataba mfupi, wakafanya kazi, wakarudi kwao, wengine wakafa. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 ikabadilisha hesabu: ikataka mfanyakazi akae na mke na watoto kambini, chini ya macho yake. Ikajenga nyumba, hospitali, mahali pa mama kufundishwa kushona, na shule. Ikagawa unga. Mtoto wa kiume alizaliwa kwa mkunga wa kampuni, akasoma shule ya kampuni, akaingia karakana ya kampuni, akapewa namba ya kazi kama baba yake. Watu wakasema kampuni ni baba, ni mama. Mzazi wa wakati ule hakuwa na sababu ya kupanga chochote. Kupanga kulikuwa kazi ya mzungu wa ofisini.

Tarehe 1 Januari 1967 Serikali ikaitwaa Union Minière, na baada ya majina mawili matatu tukapata Gécamines. Bango lilibadilika, mazoea yakabaki. Posho iliendelea, hospitali ziliendelea, shule zake zilikuwa na sifa mpaka watoto wa wakubwa wa Serikali waliomba nafasi. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka. Halafu Septemba 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka, nchi ikaingia misukosuko, mashine zikazeeka bila vipuri, na katikati ya miaka ya 1990 shaba ile ilikuwa imeshuka chini ya tani 50,000. Mishahara ikakatika kwa miezi, kisha kwa miaka. Mwaka 2001 mwanahistoria wa Chuo Kikuu chetu, Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu, alitoa kitabu kuhusu familia za wafanyakazi hao na akakiita Bana Shaba abandonnés par leur père, watoto wa Shaba walioachwa na baba yao. Miaka miwili baadaye, 2003, ukaja mpango wa watu kuondoka kwa hiari kwa pesa za Benki ya Dunia, na wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakapewa bahasha na kuambiwa kwaheri. Neno "hiari" hapo nalisoma kama lilivyoandikwa kwenye karatasi. Wengi wenu mlikuwepo.

Kilichofuata mlikiona kwenye barabara zenu. Aliyekuwa fundi umeme aliendelea kuwa fundi umeme, hata kama siku nyingine alilipwa kuku. Fundi wa kerezo alitafuta karakana ya Mgiriki au akaanzisha yake. Nesi alifungua chumba cha dawa. Lakini yule ambaye ujuzi wake wote ulikuwa kujua faili gani inakwenda ofisi gani, cheo chake kilibaki nyuma ya geti, na bahasha ikaisha kwa basi dogo lililokufa injini mwaka wa kwanza. Wajukuu wa watu hao ndio wako mwaka wa tatu leo. Na babu zao, jamani, ndio bado wanasema: mtoto huyu ataingia wapi?

Nisieleweke vibaya. Siichukii migodi, na sitamwambia kijana wa Lubumbashi aikimbie. Hiyo itakuwa sawa na kumwambia wa Kasenga asitazame mto. Kazi zimerudi. Kamoa-Kakula ilianza kutoa shaba 2021. Tenke, Kamoto, Kinsevere, Ruashi, wote wameajiri. Ila tazameni jinsi wanavyoajiri. Mutanda ilisimamishwa mwishoni mwa 2019 kwa uamuzi uliotoka Uswisi, ikakaa kimya muda mrefu kabla ya kufunguliwa tena. Februari 2025 Kinshasa ilisimamisha usafirishaji wa kobalti, na Oktoba ikaweka viwango: kila kampuni na kiasi chake. Uamuzi wa namna hiyo unasomwa kwenye televisheni usiku, asubuhi yake mkandarasi wa Likasi anapunguza watu. Kuna pia sheria ya 2017 inayohifadhi kandarasi ndogo kwa kampuni zenye mtaji wa Wakongomani. Mimi naiona ni sheria nzuri. Lakini kwa kijana maana yake ni kwamba mara nyingi hataajiriwa na mgodi wenyewe. Ataajiriwa na kampuni ndogo, kwa mkataba wa miezi sita, halafu na nyingine, halafu na nyingine. Baba wa aina ile ya kutoa unga na jeneza hayupo tena. Kinachopita kutoka mkataba hadi mkataba ni kile ambacho mikono na kichwa cha mtu vinajua.

Basi tumuoneshe mtoto kazi zenyewe. Wengi wanadhani shaba ni tanuri na lile bomba refu la moshi tunalolionesha wageni. Viwanda vingi vya leo vinafanya namna nyingine. Jiwe linasagwa, linalowekwa katika asidi ya salfa, shaba inatoka ndani ya jiwe na kuingia katika maji yale. Maji yanasafishwa kwa dawa maalumu inayoishika shaba na kuacha takataka. Kisha umeme unapitishwa ndani ya matangi, na shaba safi inajishika kwenye bamba siku baada ya siku, mpaka linatoka zito na jekundu. Ndizo kathodi mnazoziona zimefungwa mikanda juu ya malori barabara ya mpaka wa Kasumbalesa.

Sasa hesabuni wanaohitajika hapo. Mtu wa maabara anayepima asidi na shaba kila saa, usiku na mchana. Fundi umeme, na wa umeme mkubwa, maana matangi yale hayavumilii kukatika kwa umeme, na SNEL, kampuni ya umeme, tunaijua. Mtu wa pampu. Mchomeleaji wa mabomba yanayopitisha asidi, ambaye kosa lake dogo linamwagikia mwenzake. Mpimaji wa ardhi. Fundi wa magari makubwa. Mtu wa ghala anayejua kompyuta. Mhasibu. Mtu wa usalama kazini, na wa mazingira anayefuatilia maji yanayotoka yanakwenda kisima cha nani. Mkalimani wa Kichina pia. Msichana wa sayansi anayejiona ana njia mbili tu, udaktari au kushindwa udaktari, hajaambiwa na mtu kwamba somo lake la kemia ndilo moyo wa kiwanda kile. Na kijana anayejua pampu anaweza kuitengeneza mgodini, kwenye maji ya REGIDESO, kwenye kiwanda cha bia, au kwenye shamba la mtu kando ya mto Kafubu. Mgodi ukifungwa, pampu za mji hazifungwi.

Kwa hiyo la kwanza ninalowaomba ni dogo na halina gharama: mwaka huu wa tatu, mpeni mtoto Jumamosi chache akaone watu kazini. Kila barabara yetu ina mtu. Kuna nesi wa hospitali ya Sendwe, kuna mama mwenye duka la dawa, kuna mtu wa forodha anayelala Kasumbalesa na kurudi wikendi, kuna fundi anayefunga sahani za jua juu ya mabati. Mzazi amwendee kwa heshima, aseme: mzee, mtoto wangu aje akuangalie asubuhi moja. Akifika asikae na simu. Aulize mzee alisoma wapi, alianza kulipwa lini, kitu gani cha kazi hii mtu wa nje hakijui. Wengi watafurahi kuulizwa, hakuna anayewauliza. Wanafunzi wa ualimu na wa opsioni za ufundi hufanya staji, na hao tayari wana faida. Wa latini na wa sayansi wanakaa miaka minne bila kuona mtu akifanya kazi, halafu tunashangaa wanachagua kitivo kwa jina lake.

La pili, mzazi mwenyewe asome upya. Vyuo alivyoviacha sivyo vilivyopo. Chuo Kikuu chetu kilifunguliwa 1956 chini ya Wabelgiji, kikaunganishwa katika chuo kimoja cha nchi nzima 1971, na tangu 1981 ni UNILU. Zamani ilikuwa miaka mitatu ya gradua, kisha miwili ya lisansi. Sasa tumeingia mpango wa LMD: miaka mitatu ni lisansi, miwili inayofuata ni masta. Nasikia wazazi wakibishana na watoto wao kwamba lisansi ya miaka mitatu ni ya uongo. Si ya uongo, ni mpango mpya. Bajeti ya nyumba inabadilika pia, kwa sababu mtoto anaweza kutoka na karatasi baada ya miaka mitatu, akafanya kazi, akarudi kwa masta. Udaktari bado ni safari ndefu, na anayeianza bila nauli ya mwisho anamuumiza kila mtu nyumbani.

Tena Kasapa si mlango pekee. Kuna ISP kwa walimu, ISTM kwa manesi na watu wa maabara, ISC kwa biashara, kuna Don Bosco, kuna Chuo cha Waprotestanti. Kuna INPP, ambayo nchi inayo tangu 1964 na inafundisha ufundi hata kwa mtu mzima. Kuna Cité des Jeunes ya Wasalesiani. Tuna ugonjwa mmoja hapa mjini: chuo kikuu tunakiona ni mbingu, INPP tunaiona ni adhabu ya aliyeshindwa. Matokeo yake barabara moja ina wanasheria watano wasio na kesi, na siku bomba likipasuka wote watano wanamtafuta kijana mmoja aliyesomea mabomba, naye anawapa miadi ya kesho kutwa.

Na kuna kazi ambazo hatuzitaji kabisa. Sisi sote tunakula bukari. Unga wa bukari hiyo, sehemu kubwa, mahindi yake yanatoka Zambia. Zambia ikizuia mahindi yake, kama ilivyofanya mara kadhaa, bei inaruka Lubumbashi, na mama anapima kwa kikopo alichokuwa anapima kwa ndoo. Mji wa watu milioni kadhaa, ardhi kila upande, mvua miezi mitano sita, kitivo cha kilimo kipo, kitivo cha tiba ya mifugo kipo. Lakini kijana akisema anataka kilimo, bibi anauliza: nimekulipia miaka yote hiyo ili ukashike jembe? Bibi hajui kwamba anayesomea kilimo anajifunza mbegu, udongo, magonjwa ya mahindi, uhifadhi, hesabu ya mbolea. Mbunge anayo mashamba, tajiri wa mjini anayo mashamba, na wote wanalalamika hawapati mtu wa kuyaongoza. Hapo pana kazi inayomngoja mtu na hakuna anayejipanga kuiendea.

Najua nitakachoambiwa, kwa sababu simu zinaingia kila tukigusa jambo hili. "Mukubwa, acha maneno. Bila mtu ndani, huingii." Ni kweli, na sitajifanya siioni. Majina yanapitishwa chini ya meza, na kijana mwenye akili anabaki getini. Lakini tazameni pia ni kazi zipi zinazopitishwa hivyo kwa wepesi. Ni zile ambazo yeyote anaweza kukaa kwenye kiti. Mchomeleaji anapewa vipande viwili vya chuma, anaambiwa aviunganishe, kisha kiungo kinapimwa. Binamu wa mkubwa asiyejua atatoboa chuma mbele ya watu. Wa maabara anapewa sampuli. Wa hesabu anafunguliwa kompyuta. Kadiri kazi inavyopimika, ndivyo mtu wa ndani anavyopungua nguvu. Haishi, anapungua. Mzazi asiye na mjomba popote anayo sababu kubwa zaidi ya kumtafutia mwanawe kazi inayopimika.

Wasichana nao. Wanawekwa ushonaji au biashara kabla hawajaulizwa, na katika mwaka wa tatu ndipo maneno ya ndoa yanapoanza kuzunguka nyumba. Nitasema jambo moja tu. Baba anayekubali posa ya msichana wa sayansi kabla hajafanya Mtihani wa Serikali anauza shamba siku moja kabla ya mavuno, na atapangiwa bei.

Pesa. Tanzania wana bodi ya Serikali inayokopesha wanafunzi wa vyuo vikuu. Sisi bodi yetu ni mfuko wa mama na likelemba, ule mchango wa zamu wa soko la Kenya hapa mjini. Shule ya msingi ya Serikali imekuwa bure tangu 2019, na tunashukuru, lakini sekondari na chuo ni jasho letu. Msaada upo kidogo: mpango wa Excellentia wa Fondation Denise Nyakeru Tshisekedi unachukua waliopata asilimia za juu kabisa kwenye Mtihani wa Serikali. Mtoto mwenye nguvu ajue mapema kwamba asilimia zina thamani, maana wengi wanalenga hamsini na kuishia hapo. Kwa wengine wote ni kuhesabu. Ada ya chuo ni sehemu tu. Kuna nauli ya Kasapa kila siku, silabasi, maabara, nakala, chakula cha mchana. Nyumba inayoanza kuweka katika mwaka wa tatu ina zamu mbili tatu za likelemba kabla ya aparitora kufunguliwa. Inayoanza siku ya poda ina zamu moja, nayo imenunua bia.

Kuhusu nje, kwa kifupi. Kitwe iko karibu nasi kuliko Kinshasa, na Copperbelt University ni chuo cha watu wa migodi kama sisi. Lakini Zambia wanasoma kwa Kiingereza, na Kiingereza hakiingii kichwani katika likizo ya miezi miwili. Kwa wanaotazama Ubelgiji, Ufaransa au mbali zaidi, vyuo vingi vinafunga maombi kabla matokeo yetu hayajatoka, kwa hiyo anayeanza kuuliza akiwa na diploma mkononi amekwisha kupoteza mwaka. Na mtu yeyote anayewauzia bursari kwa dola mia mbili kwenye WhatsApp, mwulizeni kwanza watoto wake wanasoma wapi.

Nimalizie na karatasi, kwa sababu hapo ndipo watu wanalia. Kujiandikisha chuoni, pamoja na diploma au hati ya kufaulu, wanaomba mara nyingi nakala za buletini za miaka miwili ya mwisho: mwaka wa nne na huu huu wa tatu. Maksi anazozipata mtoto wako sasa zitasomwa na mtu wa aparitora. Kwa hiyo buletini isiwe mfuniko wa ndoo wala isiachwe kwa mwenye nyumba mnapohama. Piga nakala tatu, weka moja kwa bibi. Angalia jina: kama cheti cha kuzaliwa kina herufi moja tofauti na buletini, anza kurekebisha mwaka huu, maana kosa hilo likiingia kwenye orodha ya Mtihani wa Serikali litatoka hivyo hivyo kwenye diploma. Na aliyekwisha kuipoteza buletini ya mwaka uliopita, shule inalo daftari la matokeo. Aende kwa prefe aombe nakala, na aende kabla ya Julai, maana likizo ikianza ofisi inabaki na mlinzi peke yake.